Tandala Aliyepita Nyuma ya Kamera

Picha ya kwanza ya yule tandala niliiona juu ya meza ya jikoni, hapa mtaani kwetu Turffontein, kati ya sahani ya maharage na kikombe cha chai kilichopoa. Mume wangu alikuwa ameingia asubuhi hiyo kutoka shamba la wanyama huko Limpopo, vumbi bado limemganda kwenye kope, na kabla hata ya kunisalimia vizuri akafungua kompyuta yetu kuukuu akaniambia nije nione. Nikaona dume kubwa la kijivu, mistari myeupe ubavuni, ndevu hadi kifuani, na pembe zilizojisokota kwenda juu mpaka zikatoka nje ya picha. Alikuwa anatutazama. Sisemi alikuwa anaitazama kamera. Nasema alikuwa anatutazama sisi wawili na maharage yetu, kwa uso wa mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga.

Hiyo ndiyo ilikuwa picha yake nzuri ya mwisho kwa muda mrefu, na mambo yote yaliyotuchanganya mwaka ule yalianzia hapo.

Nieleze kazi yenyewe. Bosi wa mume wangu anamiliki shamba kubwa la wanyama, na wageni kutoka ng'ambo huja kuwinda kwake wakati wa baridi. Ameweka kamera ndogo kwenye miti, karibu na maji, karibu na jiwe la chumvi, kwenye njia za wanyama. Kitu kikipita mbele yake, kamera inajipiga yenyewe. Mume wangu aliajiriwa kuzizungukia, kubadilisha betri, kutoa kadi za kumbukumbu na kuchambua picha. Sheria ya bosi ni kwamba tandala anayeuzwa kwa mwindaji lazima awe mzee, aliyekwisha kuzaa watoto wake, na katika shamba zima aliyefaa mwaka ule alikuwa huyu mmoja. Mgeni alikuwa ameshapangiwa kuja kwa ajili yake. Kwa hiyo bosi alimwita mume wangu akamwambia waziwazi: nionyeshe kwamba mzee huyu bado yupo na ni wapi anapita, nami nitakuajiri moja kwa moja, nitakupa nyumba ya matofali humu shambani, ulete mke na mtoto. Usiponionyesha, mkataba wako unakwisha pamoja na msimu.

Ndivyo kazi yetu, nyumba yetu na mahali pa kuishi vilivyotundikwa kwenye pembe za mnyama ambaye hakuwa na habari.

Mume wangu aliihitaji kazi ile kuliko alivyokuwa tayari kusema. Zamani alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari kule Newtown. Kampuni yao ilipofungwa alikaa nyumbani, na aliendelea kukaa. Alijifunza kupika vizuri kuliko mimi. Alikuwa anakuja kwenye chumba changu cha kushonea Jeppestown kufagia vipande vya nyuzi, halafu wateja wakiingia anatoka nje kama mtu aliyepita tu kuuliza saa. Kanisani watu walipomuuliza kuhusu kazi, alikohoa. Mimi sikuwahi kumwambia neno baya, lakini neno baya halihitaji kusemwa na mke. Linasikika kwenye mlango wa friji. Kazi ya shamba ilipopatikana, alinyoa ndevu na kuanza tena kuimba bafuni.

Basi kila mwisho wa mwezi alirudi na kadi zake, tukakaa jikoni tukatazama. Mimi mtu wa Uvira, wanyama ninaowajua ni mbuzi na samaki, lakini niliwapenda wale tandala. Madume vijana hawakuwa na akili hata kidogo. Walipoigundua kamera waliisogelea, wakainusa, wakailamba, na picha nzima ikawa ulimi. Majike walisimama, wakainua masikio, wakapiga mguu chini kwa hasira, halafu kwenye picha zinazofuata wanakula majani kama vile hakuna kilichotokea. Ngiri hawakujali kabisa. Lakini mzee, hapana. Ulipata mguu mmoja pembeni. Ulipata ncha ya pembe inaingia kwenye picha na kutoka. Mara moja tulipata kivuli chake tu ardhini, kikubwa na chenye pembe zote, naye mwenyewe hayupo.

Mume wangu akaanza kufuata nyayo. Akagundua kwamba mzee alikuwa anakuja kwenye njia ileile, moja kwa moja kuelekea kamera, kisha akikaribia anaiacha njia, anazunguka nyuma ya mti uliofungiwa kamera, na kurudi njiani mbele kidogo. Kila mti. Alinichorea kwa kidole juu ya meza, kwenye unga uliomwagika, na mimi nikabaki mdomo wazi. Alijuaje kwamba kamera ina mbele na nyuma? Kuku wangu wa Uvira hawakujua hata kwamba nyumba ina mbele na nyuma.

Bosi alikuwa na majibu mengi, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. Kwanza alisema ni mwanga: kamera hizi hutoa mwanga ambao jicho la mtu halioni, labda la tandala linaona. Wakabadilisha kamera. Mzee akazunguka nyuma. Halafu akasema ni mlio, ule mlio mdogo wa kamera ikijipiga. Halafu akasema ni kimo, zimefungwa sawa na macho yake, zipandishwe juu zitazame chini. Mume wangu akapanda miti kwa ngazi siku nzima. Mzee akazunguka nyuma. Na usidhani kila dume mzee yuko hivyo, kwani kulikuwa na mwingine mwenye pembe moja iliyovunjika, asiyefaa kuuzwa, ambaye alisimama mbele ya kamera akitafuna kama yuko studio anapigwa picha ya pasipoti. Sasa ni uzee au ni tabia? Ni woga au ni kiburi? Nilimuuliza mume wangu, akasema hata bosi hajui, anajaribu tu.

Mwishowe bosi akasema ni harufu. Hapo ndipo mume wangu alipokatazwa sabuni ya kunukia, mafuta ya mwilini, manukato na hata kukaa karibu na mvuta sigara. Aguse kamera akiwa na glavu. Mimi nilikuwa nimeshona vifuniko vya nguo vya kuzificha zile kamera, kwa kitambaa cha kombati, kile cha askari, bosi alichonunua, na nikiri kwamba nilivishona nimegeuza uso pembeni, maana tulikotoka kitambaa kile hakikuingia nyumbani kwa heri. Bosi akaagiza vifuniko visifuliwe kwa sabuni, vioshwe kwa maji matupu na kukaushwa juu ya miiba. Mume wangu alitii kila kitu. Alirudi nyumbani na magoti meupe kwa kukosa mafuta, kama aliyesujudu kwenye unga, na binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa lakini anajibu kwa Kizulu, akamtania wiki nzima. Mzee akazunguka nyuma.

Kanisani jambo lenyewe lilikuwa limeshakuwa la wote. Tunasali katika jengo lililokuwa karakana, Jeppestown, sisi Wakongo na Warundi wachache, na huko mtu akiwa na haja haiwezi kubaki yake peke yake. Kikundi cha akina mama kilifunga kwa ajili ya tandala. Najua inachekesha, na mimi mwenyewe nilicheka, lakini walifunga kweli. Mama mmoja mwenye sukari, ambaye daktari amemkataza, alifunga nusu siku na kumwomba Mungu amburute yule mnyama kwa pembe zake mpaka mbele ya kamera. Nami niliyekuwa nimeshikana naye mikono nikasema amina.

Nilisema amina, na tumboni nilikuwa nasema jambo lingine. Sikutaka kwenda shambani. Hiyo nyumba ya matofali niliionea fahari mbele za watu, nikaisimulia mpaka rangi ya mlango, na nikiwa peke yangu iliniogopesha. Nimekwishavuka mipaka mingi na mizigo kichwani. Hapa nina cherehani mbili, nina wateja wanaonijua kwa sauti kwenye simu, nina robot, taa ya barabarani, ninayoijua itachelewa kuwa kijani na kiduka cha spaza kinachonipa mkate hata nikisahau pochi. Huko porini ningemshonea nani, ngiri? Lakini kumwambia mume wangu aache kazi ile lilikuwa jambo nisiloweza. Ningekuwa namvua nguo. Kwa hiyo nilipopiga magoti sikujua niombe nini. Nikiomba tandala aonekane, naomba kuhama. Nikiomba asionekane, naomba mume wangu arudi kukohoa. Nilibaki nasema tu, Bwana unajua, Bwana unajua, nikitumaini kwamba kweli anajua, maana mimi nilikuwa sijui.

Wakati huohuo mwenye jengo ninaloshonea Jeppestown aliweka kamera kwenye ukumbi mrefu unaoelekea vyumba vya kazi. Mashine za wapangaji zilikuwa zimeibwa, akachoka. Hakuna aliyelalamika, na mimi makaratasi yangu yako sawa. Lakini siku moja, nimebeba rola la kitambaa begani, nilijishtukia napita nimejibana ukutani, upande wa chini ya kamera, ambako haioni. Nikasimama. Nilikuwa nimeanza lini? Hakuna aliyenifundisha, wala sikuwa nimeamua. Kesho yake nikawatazama wenzangu. Fundi viatu Mrundi, mtu wa makamo, mpole, asiye na neno na mtu, anapita ukutani. Mama wa kusuka anapita ukutani. Wasichana wake wa saluni, waliozaliwa hapahapa, wanasimama katikati ya ukumbi, wanainua nyuso kwenye kamera na kurekebisha nywele zao wakicheka. Nilirudi kwenye cherehani. Kama ningeulizwa siku ile kwa nini napita ukutani, nisingekuwa na jibu hata moja, nami nina mdomo na nina akili za watu. Sasa tandala tumdai maelezo ya nini?

Baada ya hapo niliacha kumcheka. Nilianza kumwonea huruma, kisha nikakumbuka kwamba huruma yangu kwake inamnyima mume wangu kazi, nikachanganyikiwa upya.

Halafu likaja suala la vifuniko. Mume wangu aliniletea baadhi vilivyochanika kwa miiba nivishone, akarudi shambani na vingine. Niliviweka kazini, nikavichukua asubuhi moja ya Jumamosi, cha kwanza nikakiinua karibu na uso ili nione uzi ulikokatikia. Kilinuka vumbi, kilinuka samadi, na juu ya vumbi na samadi kilinuka kanisa.

Nikanusa tena. Ilikuwa manemane, mafuta yetu ya upako, yale yanayochanganywa na mafuta ya zaituni na kuombewa madhabahuni. Sisi tunapaka kila kitu. Tunapaka vizingiti vya milango, tunapaka magurudumu ya gari, tunapaka barua za kuomba kazi na pasipoti zinazosubiri muhuri. Cherehani zangu zote zimepakwa. Nyumbani huwezi kuisikia harufu ile kwa sababu nyumba nzima ndiyo harufu yenyewe, lakini pale, kwenye kitambaa kilichotoka porini, ilisimama peke yake kama mtu aliyeingia na suti kwenye banda la ng'ombe. Vifuniko vyote vilikuwa hivyo. Alama ya kidole, pale juu, katikati, mahali unapompaka mtu kwenye paji la uso.

Nilimwelewa mara moja. Bosi alikataza sabuni, alikataza manukato, na mume wangu ni mtu wa kutii. Lakini kwetu upako si manukato. Hauhesabiwi pamoja na vitu vyenye harufu, kama vile sala haihesabiwi pamoja na kelele. Alivua glavu, akapaka, akaomba Mungu amlete yule mnyama, akavaa glavu. Na mnyama akaja, akasikia manemane hatua chache kabla, akazunguka nyuma ya mti.

Au labda siyo hivyo. Picha ile ya kwanza je, kamera haikuwa imepakwa? Na yule wa pembe iliyovunjika, pua yake ilikuwa na nini? Sikuwa na hakika ya chochote, isipokuwa kwamba nilikuwa nimeshika mkononi jambo ambalo mume wangu angelitaka kulijua, na sikutaka kumwambia. Nikimwambia, ataacha kupaka. Akiacha, mzee pengine atatokea, atapigwa risasi, na sisi tutafunga mizigo. Tena nitakuwa nimemwambia muumini kwamba sala yake ndiyo inayofukuza anachokiomba. Nisipomwambia, nitamwangalia akishindwa huku najua kwa nini. Nilishona vifuniko vyote bila kuvifua. Hiyo nayo sijui ilikuwa uamuzi au uvivu.

Mume wangu alirudi wakati mgeni wa kuwinda amekaribia kufika. Alikuwa amekonda. Tulikula, binti akaenda kwa rafiki zake, na mchana ule wa Jumapili baada ya ibada tukabaki wawili jikoni, kompyuta imefungwa. Hakutaka kunionyesha picha. Alisema hazina kitu. Nikaitazama mikono yake iliyokauka mpaka imepasuka, na moyo ukanishinda.

"Papa," nikamwambia mume wangu kwa Kiswahili chetu cha Uvira, "ile nyama inasikia mafuta ya upako. Njo maana inapitia nyuma."

Nilitegemea abishe. Nilitegemea anikemee kwamba naongea kama mpagani. Alikunja kitambaa cha meza pembeni, akakikunjua.

"Ninajua," akasema. "Tangu Pasaka ninajua."

Akanisimulia polepole. Wakati wa Pasaka alipata homa, akazungukia kamera bila kichupa cha mafuta kwa sababu alikisahau kitandani. Aliporudi kuchukua kadi, mzee alikuwa amesimama mbele ya kamera ya mto mkavu asubuhi nzima. Uso, ubavu, mgongo, pembe zote mbili, kila kitu ambacho bosi alikitaka. Mume wangu alikaa chini ya mti akazitazama zote. Kisha akazifuta, moja baada ya nyingine. Kesho yake akachukua kichupa akapaka kamera zote, hata zile ambazo hakuwa akizipaka zamani.

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Nilimuuliza kama anajua kwamba mama wa watu mwenye sukari amefunga kwa ajili yake. Nilimuuliza tangu lini mafuta ya Mungu yakawa dawa ya kufukuzia wanyama. Nilimwambia nimekosa usingizi kwa ajili ya tandala ambaye yeye alikuwa naye mfukoni. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa, halafu nikamuuliza swali moja lililobaki, kwa nini.

"Nyama ikinishinda, hakuna mutu atanicheka," akasema. "Nikiacha kazi mi mwenyewe, batasema nimerudi kukula ya muke." Akanitazama. "Na weye, hata siku moya haukusema nirudi."

Ni kweli, sikusema. Yeye alikuwa anasubiri neno hilo kule porini, na mimi nilikuwa nalificha hapa mjini kwa kudhani namheshimu. Alikuwa mpweke kule mpaka akaanza kuzungumza na nyayo za yule mnyama. Alisema alipokuwa akipaka mafuta aliomba kweli, hakuigiza, ila hakuomba tena picha. Alimwambia Mungu afanye anavyotaka. Sasa hapo nani aseme sala haikujibiwa? Mimi sijui mpaka leo.

Nikamwambia arudi. Nilimwambia palepale, sauti yangu ikiwa bado ya ugomvi. Akatikisa kichwa. Akasema neno la jikoni halitoshi, jikoni hata mbuzi anahurumiwa. Kanisa lote linamngoja na nyumba ya matofali, na mimi ndiye niliyewasimulia rangi ya mlango. Nikamwahidi kwamba nitalisema kulekule.

Alikwenda akamwambia bosi kwamba mzee yu hai, kwamba yeye hataweza kumpatia, na kwamba anarudi kwa mke wake. Bosi hakukasirika, alionekana tu hajaelewa, akamlipa haki yake wakaagana. Mgeni alipokuja alipata nini sijui. Hatukuuliza.

Jumapili iliyofuata, saa ya ushuhuda, niliinua mkono. Nilipochukua kipaza sauti akina mama wa kikundi changu walianza kutabasamu na kujiweka sawa, tayari kupiga vigelegele kwa ajili ya tandala. Yule mama mwenye sukari alikuwa ameshasimama. Mume wangu alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwenye kiti anachokaa mtu anayetaka kutoka bila kuonekana. Mimi si mwanamke wa kusema mambo ya chumbani mbele za watu, na kwetu mke hamwagi hamu yake hadharani, anaificha ndani ya malalamiko.

"Tandala hakupatikana," nikasema. "Bwana yangu amerudi juu mi njo nilimuita. Nilikuwa namukosa ndani ya nyumba."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mchungaji alinitazama kama anayejaribu kuamua huo ni ushuhuda au mashtaka. Mpiga ngoma aliinua fimbo zake akazishusha. Mama mwenye sukari akakaa, akanitazama, kisha akageuka kumtazama mume wangu, na wote wakageuka pamoja naye, kanisa zima, macho yale yote kwa mara moja.

Nilifikiri atatoka. Mlango ulikuwa palepale. Aliinuka, akavuta shati lake chini, akaja kwa njia ya katikati, taratibu, mpaka mbele, akasimama kando yangu akiwa amewaelekea watu. Nikampa kipaza sauti. Alikishika, na hakuondoka.